Grafiki za Ndani na Hatima ya Gemu za Kompyuta

Kila picha inayoonekana kwenye skrini ya kompyuta hukokotolewa na kifaa fulani kabla ya kufika machoni pa mtumiaji, na katika kompyuta nyingi zinazouzwa duniani kifaa hicho si kadi ya pekee yenye feni na kumbukumbu yake, bali ni sehemu ndogo iliyomo ndani ya prosesa ileile inayoendesha programu nyingine zote. Sehemu hiyo, ambayo hapa itaitwa grafiki za ndani ili kuitofautisha na kadi ya grafiki inayochomekwa kando, imelaumiwa kwa miaka mingi kuwa ndiyo itakayoziua gemu za kompyuta. Gemu hizo hazikufa. Zilibadilika umbo, na sababu ya mabadiliko hayo huonekana vizuri zaidi pale inapojulikana udhaifu wenyewe umekaa wapi.

Gemu ya kisasa hujenga ulimwengu wake kwa pembetatu ndogondogo zisizohesabika, ambazo kwanza hupangwa mahali pake kufuatana na upande anaotazama mchezaji, kisha hujazwa rangi, mwanga na kivuli nukta kwa nukta. Nukta hizo huitwa pikseli, na skrini ya 1920 kwa 1080 inazo 2,073,600. Ili mwendo uonekane laini, yafaa picha nzima ichorwe upya mara 60 kwa sekunde, hivyo jumla hupita pikseli milioni 124 kila sekunde, na hapo bado haijahesabiwa kwamba pikseli moja huweza kupitiwa mara kadhaa kabla picha haijakamilika.

Intel, iliyoingiza grafiki katika chipu zake za ubao mama za familia ya 810 mwaka 1999, wakati grafiki hizo zilikuwa bado nje ya prosesa, haikuwa ikiwalenga wanaocheza gemu. Ilikuwa ikiilenga ofisi, ambako kinachochorwa ni barua na majedwali na ambako kila dola inayopunguzwa katika bei ya kompyuta huhesabiwa. Hata GMA 900 ya mwaka 2004 haikuwa na saketi ya kupanga ncha za pembetatu, kwa hiyo kazi hiyo ilirudishwa kwa prosesa, mithili ya fundi rangi anayefika kazini na kumtaka mwenye nyumba ajenge ukuta kwanza. Mwaka 2006, Windows Vista ilipokuwa njiani, kompyuta zenye chipu ya kizazi hicho zilibandikwa kibandiko cha kuonyesha kwamba zingeiweza, ilhali hazikuweza kuonyesha madirisha yake ya kioo yaliyotangazwa sana. Wanunuzi walikwenda mahakamani katika jimbo la Washington, na barua pepe za ndani za Microsoft zilizotolewa huko zilionyesha afisa wake mmoja mwandamizi akilalamika kwamba kompyuta aliyoinunua kwa dola 2,100 imebaki kuwa mashine ya kusomea barua pepe. Kesi yenyewe ilififia mwaka 2009, baada ya jaji kukataa iendelee kama kesi ya pamoja ya wanunuzi wote.

Katika hali hiyo, haishangazi kwamba Tim Sweeney, mwanzilishi wa Epic Games, alitangaza mwaka 2008 kwamba grafiki za ndani za Intel hazifai kwa gemu, na kwamba tofauti kati ya kompyuta hafifu kabisa na ile yenye nguvu kabisa, ambayo miaka kumi nyuma ilikuwa kama mara 10, sasa imefika mara 100, kiasi kwamba haiwezekani kubuni gemu moja itakayozifaa zote mbili. Kuhusu ukubwa wa pengo hilo Sweeney alikuwa na hoja nzito. Kuhusu lisilowezekana, iliyokuja kumkanusha ni kampuni yake mwenyewe, kwani Fortnite, iliyotolewa na Epic mwaka 2017, iliorodhesha Intel HD 4000, grafiki za ndani za mwaka 2012, kuwa kiwango cha chini kinachokubalika, na mwaka 2020 iliongezewa namna ya kuchora inayopunguza madoido ili mashine dhaifu zipumue. Valorant ya Riot Games nayo ilianza mwaka huohuo wa 2020 ikizikubali grafiki hizohizo. Kampuni hizi hazikuwa zikitoa sadaka: gemu inayochezwa bure na kuuza mapambo hupata fedha kwa wingi wa wachezaji, na wachezaji wengi wako kwenye kompyuta za kawaida.

Hata hivyo, kosa la kawaida katika mjadala huu ni kudhani kwamba grafiki ni dhaifu kwa sababu ziko ndani ya prosesa. Mashine ya gemu ya PlayStation 4, iliyotoka mwaka 2013, ilitumia chipu moja ya AMD yenye prosesa na grafiki pamoja, na hakuna aliyeiita dhaifu kwa sababu hiyo. Siri yake ilikuwa kumbukumbu. Kadi ya grafiki huwa na kumbukumbu yake yenye kasi kubwa, ilhali grafiki za ndani hugawana RAM ya kompyuta na prosesa, kama majirani wawili wanaochota maji kisima kimoja kwa kamba moja, na hata mmoja wao awe na nguvu namna gani, atapata tu maji ambayo kamba inaweza kupandisha. Kipande kimoja cha RAM ya aina ya DDR4 chenye kasi ya 2133 hupitisha takriban gigabaiti 17 kwa sekunde. Kumbukumbu ya PlayStation 4, ambayo ni ya zamani kuliko kompyuta nyingi zenye RAM hiyo, ilipitisha 176, yaani mara kumi.

Steam Deck, mashine ya gemu ya mkononi ya Valve iliyoanza kuuzwa mwaka 2022, iliufuata ukweli huo kwa busara: ilipewa kumbukumbu yenye uwezo wa gigabaiti 88 kwa sekunde na skrini ya 1280 kwa 800, ambayo pikseli zake hazifiki hata nusu ya zile za 1920 kwa 1080, kwa hiyo chipu yake ndogo iliongezewa njia na kupunguziwa mzigo kwa wakati mmoja. Tangu hapo mkondo umezidi kuelekea huko. Mwaka 2025 AMD ilileta chipu za Ryzen AI Max, ambazo grafiki zake za ndani hupata gigabaiti 256 kwa sekunde, na Septemba ya mwaka huo Nvidia ilitangaza kwamba itawekeza dola bilioni 5 katika Intel na kwamba kampuni hizo mbili zitaunda prosesa zenye grafiki za Nvidia ndani yake. Hasara ipo: kumbukumbu ya Ryzen AI Max huchomelewa kwenye ubao, haiongezeki baadaye, na bei ya mashine zake ni ya wenye nacho.

Kwa mnunuzi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi, ambako kompyuta mpakato za ofisi zilizotumika Ulaya na Marekani huuzwa kwa wingi, jambo hili lina maana ya moja kwa moja. Nyingi za mashine hizo zina nafasi mbili za RAM, na si ajabu kuikuta moja tu imejazwa. Kipande cha pili kinacholingana na cha kwanza hufungua njia ya pili na, kwa RAM ya kasi ileile ya 2133, kuongeza uwezo kutoka gigabaiti 17 hadi 34 kwa sekunde, jambo ambalo kubadilisha kipande kimoja cha gigabaiti 8 kwa kimoja cha 16 hakuwezi kulifanya. Kabla ya kulipa, mnunuzi abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kwenye Windows, afungue sehemu ya utendaji na kuchagua kumbukumbu, kisha asome idadi ya nafasi zilizotumika: ikiwa ni moja kati ya mbili, bei ya kipande cha pili iingizwe katika mapatano.