Maji ya batri ya potasi si maji



Katika ateliye kuna batri za namna mbili. Ya kwanza ni ya risasi na asidi, ile unayoijua katika motokari. Ya pili ni ya nikeli na kadimiu, yenye maji ya potasi. Hii inatumiwa kuwasha taa za hatari umeme ukikatika, au kuwashia mota ya treni. Maji yake hayana rangi wala harufu, na ukiyagusa yanateleza kama sabuni. Kwa hiyo watu wanayadharau. Lakini ujue: kule kuteleza ni mafuta ya ngozi yako yanayoanza kugeuka sabuni!

Kwa nini batri inachoka?

Potasi ni njia ya umeme ndani ya batri. Adui yake yumo katika hewa: ni gazi karboniki. Ukiacha kifuniko wazi, potasi inakamata gazi ile na kugeuka karbonati. Karbonati haipitishi umeme vizuri, na nguvu inapungua. Hata vile vyombo vinavyofanya umeme kwa methanoli na potasi, bila moto, vina ugonjwa huo huo. Tena kwao ni zaidi, maana methanoli yenyewe ikitumika inatoa gazi ile, na potasi inaharibika kutoka ndani. (Methanoli si pombe ya kunywa: kidogo tu inapofusha na kuua.)

Hatari iko wapi?

Batri ikichoka, mtu anataka kumwaga maji ya zamani na kutia mapya. Saa ile ndiyo macho yanaungua. Asidi inagandisha nyama ya jicho, na mara nyingi nyama iliyoganda inaizuia kidogo. Potasi haizuiwi: inayeyusha nyama na kuendelea kuingia ndani. Maumivu yakipungua, usidhani umepona.

Basi shika haya:

1. Kazi hii ni ya yule aliyefundishwa. Avae miwani yenye kufunika macho pande zote, magan ya mpira na eproni.

2. Ukichanganya, tia potasi katika maji, kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya potasi: yanachemka na kuruka usoni.

3. Chombo kilichogusa asidi kisiguse batri ya potasi.

4. Funga vifuniko vyote. Batri itadumu, na macho pia.

Potasi ikiingia jichoni, usikimbilie kwanza dispanseri. Kimbilia maji yaliyo karibu. Fungua kope kwa vidole, osha kwa maji mengi nusu saa nzima bila kuacha. Usitie siki, ndimu wala mafuta. Mwenzako aite msaada wakati unaosha. Kisha uje kwetu hata kama huoni uchungu tena.

Kabla ya kufungua batri, jiulize: robine iko wapi, na inatoa maji? Kama haitoi, kazi ingoje. Batri nyingine itanunuliwa. Jicho haliuzwi dukani.