Nyanya Zako Zikifika Kariakoo, Nani Anajua Ni Zako?

Vijana wengi mmekuwa mkiniuliza kuhusu kufuatilia mazao kwa teknolojia, kutoka shambani mpaka kwa mlaji. Programu ipi nzuri? Msimbo wa QR unatengenezwaje? Nitafika huko. Ila kwanza twende Kariakoo, saa kumi alfajiri, maana mambo yanaharibikia pale.

Msimu uliopita kijana mmoja ninayemhudumia kule Ilula, mkoani Iringa, alipakia matenga 40 ya nyanya kwenye fuso, pamoja na mizigo ya wakulima wengine wawili. Kijana huyu ni wa mfano. Ana daftari la kila dawa aliyopiga dhidi ya kantangaze: jina la dawa, kipimo, tarehe, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Soko nilimtafutia mimi mwenyewe, kwa mama mmoja dalali anayepeleka nyanya kwenye hoteli moja ya katikati ya mji. Siku hiyo nilikuwa Dar, nikaenda kuupokea mzigo.

Fuso ikafika. Vijana wa mzigo wakashusha, wakamwaga, wakachambua. Kubwa huku, ndogo kule, zilizoiva sana pembeni. Ndani ya nusu saa nyanya za wakulima watatu zikawa fungu moja. Hakuna aliyeona ajabu, ndivyo soko linavyokwenda.

Saa nne asubuhi simu ya dalali ikaita. Hoteli imerudisha mzigo, baadhi ya nyanya zina unga mweupe wa dawa. Dalali akakata pesa za wakulima wote watatu, sawa kwa sawa.

Kijana akanipigia. "Afisa, mimi nina wiki mbili sijapiga dawa. Si nilikutumia picha za daftari? Muonyeshe basi."

Nikamuonyesha. Yule mama akazitazama bila haraka, kisha akasema, "Mwanangu, daftari zuri. Sasa nionyeshe nyanya zake ni zipi hapa."

Nilikosa la kusema. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka yote nimekuwa nikiwafundisha nusu ya somo. Kumbukumbu zilikuwepo shambani, nyanya zilikuwepo sokoni, lakini hakukuwa na kitu kinachoziunganisha.

Si Kariakoo peke yake

Mwaka 2008 kule Marekani watu zaidi ya 1,400 waliugua kwa bakteria aina ya salmonela. Mwezi Juni serikali ikawaonya wananchi wasile aina fulani za nyanya mbichi. Wanunuzi wakakimbia, wakulima wakapata hasara kubwa. Mwezi Julai onyo la nyanya likaondolewa, kwa sababu uchunguzi ulikuwa umegeukia pilipili zilizotoka Mexico. Moja ya mambo yaliyowasumbua wachunguzi ni kwamba nyanya za mashamba tofauti zilikuwa zikichanganywa na kupangwa upya kwenye maghala. Si unaona? Ni fungu letu lilelile la alfajiri, ila kubwa zaidi.

Umoja wa Ulaya wao wana kanuni rahisi inayotumika tangu mwaka 2005: kila mfanyabiashara wa chakula lazima ajue amenunua kwa nani na amemuuzia mfanyabiashara gani. Hatua moja nyuma, hatua moja mbele. Hii hata wewe unaiweza, tena kwa simu uliyonayo mkononi.

Anza hivi

1. Chambua shambani, usingoje sokoni. Tenga likifika limeshapangwa kwa daraja, hakuna sababu ya kulimwaga. Na zile mbovu zinabaki kwako kwa mboji, badala ya kuzilipia nauli mpaka Dar zikawe takataka.

2. Funga tenga. Lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo wanaipiga vita kila siku, inakupunja kwenye uzito, halafu tenga lenye mlima juu halifungiki. Lisilofungika litachanganywa tu.

3. Lipe kila tenga namba. Kipande cha boksi, kamba, na kalamu ya wino usiofutika vinatosha. Andika kifupi cha shamba, kitalu, tarehe ya kuvuna, na namba ya tenga. Mfano: IL-K2-1406-07, yaani Ilula, kitalu cha pili, tarehe 14 mwezi wa sita, tenga la saba.

4. Hamishia daftari kwenye simu. Google Sheets ni bure. Kila kitalu kiwe na ukurasa wake wa dawa, mbolea na mavuno. Piga picha ya kila tenga lililofungwa, namba yake ikionekana, na uwashe mahali kwenye kamera ili picha ibebe eneo la shamba.

5. Msimbo wa QR uwe wa mwisho. Ule ni mlango tu. Ukiuskani unafungua kile ulichoandika. Kama hukuandika kitu, umeweka mlango kwenye nyumba isiyo na vyumba.

6. Zungumza na dalali kabla fuso haijaondoka. Muombe matenga machache yauzwe yakiwa yamefungwa, na akutumie ujumbe wa namba zilizoenda kwa kila mnunuzi. Bila hilo, namba zako zinaishia stendi.

Niseme ukweli

Usitegemee namba ikupandishie bei Kariakoo kesho asubuhi. Pale nyanya inanunuliwa kwa macho na vidole: rangi, ukubwa, ugumu. Wanaokuuliza historia ya zao ni hoteli, maduka makubwa, na wanunuzi wa nje. Faida ya kwanza utakayoiona ni kutobeba lawama ya mtu mwingine.

Na kuna upande wa pili. Yule kijana wa Ilula hakukata tamaa. Safari iliyofuata tulimbembeleza yule mama akakubali matenga kumi tu yapite bila kumwagwa. "Yakinichelewesha, mwisho leo," alituonya. Siku ya pili akatuma ujumbe kwamba tenga 04 lina nyanya zilizopondeka chini. Kijana akafungua simu, akaangalia picha. Ni lake kweli. Lilipangwa jioni, haraka haraka, nyanya zilizoiva zikiwa zimewekwa chini ya ngumu.

Alikatwa pesa ya tenga moja. Alinung'unika kidogo, maana safari hii hakukuwa na wa kumsingizia. Lakini matenga tisa yalilipwa yote, na safari iliyofuata yule mama ndiye aliyeuliza, "Zile zenye namba zipo?"

Kwa hiyo kabla hujanunua programu yoyote, fanya jaribio dogo kwenye mavuno yako yajayo. Matenga matano yanatosha. Yape namba, yafuatilie mpaka kwa mnunuzi wa mwisho, kisha niambie yalipotelea wapi. Hapo ndipo kazi yako inapoanzia.

Nikutakie msimu mwema.