Muhula Umekwisha, Watoto Wamo Nyumbani

Katika mitaa inayopakana na eneo la viwanda mjini Bujumbura, mwezi wa Desemba hujitambulisha wenyewe. Mvua hunyesha alasiri, njia za malori hugeuka tope, na wanafunzi wa mwaka wa saba, wa nane na wa tisa hurudi nyumbani na karatasi ambayo wazazi huingojea kwa moyo wa wasiwasi: buletini, yaani ripoti ya muhula wa kwanza. Likizo ya Krismasi imeanza.

Yafaa tukumbushane mambo yalikotoka. Kabla ya mageuzi ya mwaka 2013, mtoto aliyemaliza mwaka wa sita alikabiliwa na mtihani wa taifa wa kuingia sekondari, na waliokosa nafasi walikuwa wengi mno. Mageuzi hayo yaliendeleza shule ya msingi, ambayo wenyeji huiita ekofo, hadi mwaka wa tisa, na wanafunzi wa kwanza wa mfumo huo walifika mwisho wake mwaka 2016. Kwa hiyo kijana wa miaka 14, ambaye zamani angekwisha kuwa msaidizi katika gereji za Buyenzi, sasa yungali darasani. Ni neema, tena ni mzigo. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2005, lakini daftari, viatu na sabuni ya kufulia sare havikuondolewa na mtu.

Baba aliyetoka zamu ya usiku kiwandani huisoma buletini akiwa na usingizi machoni. Mama aliyerudi sokoni huisoma akihesabu chenji. Aghalabu wote wawili hutazama alama ya Kifaransa kwanza, kwani ndiyo lugha ya kufundishia katika madarasa haya ya juu. Ekofo hufundisha lugha nne: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Hapa tuseme kidogo juu ya vijana wetu wa Buyenzi, waliozaliwa ndani ya Kiswahili. Hao hudhani somo hilo halihitaji kusomwa, kisha ngeli huwaangusha kweupe! Mzazi asiyejua Kifaransa asione haya. Somo la Kiswahili anaweza kulisimamia mwenyewe jioni, sufuria ya maharage ikiwa jikoni.

Lakini jambo lenye kutia hofu zaidi kuliko alama ni kiti kitakachobaki kitupu mwezi wa Januari. Mtoto haachi shule kwa kutangaza. Katika likizo humsaidia mama kuuza nyanya, au hubeba mizigo karibu na maghala, akaonja fedha yake ya kwanza. Shule zinapofunguliwa husema ataanza Jumatatu. Jumatatu hiyo hupita, na ya pili nayo, na nyumbani hakuna amwulizaye kwa kuwa fedha ile imekwisha kuingia katika hesabu ya unga. Sisi hatusemi kazi ni mbaya kwa mtoto. Kijana asiyejua kushika jembe wala ufagio ni hasara. Twasema tu kwamba siku ya mwisho ya kazi hiyo itajwe tangu siku ya kwanza, mbele ya mtoto mwenyewe.

Hali ni hiyo hiyo kwa wanaopelekwa kwa bibi na babu huko milimani. Desemba na Januari ni wakati wa mavuno ya maharage na mahindi, na mikono ya mjukuu ina thamani kubwa. Bibi akiomba “wiki moja tu”, ni vigumu kumkatalia kwa adabu. Basi nauli ya kurudi na iwekwe kando kabla mtoto hajaondoka, maana uhaba wa mafuta uliosumbua nchi miaka ya karibuni umetufundisha kwamba basi halipatikani siku ulitakayo.

Kwa watakaobaki mjini, akina mama wajihadhari na maji. Mafuriko ya Februari 2014 yaliua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilijaa hata kuingia majumbani. Kingo za mto Ntahangwa humegeka bila onyo. Si mahali pa watoto kuchezea mpira. Maji ya kunywa yachemshwe, kwa kuwa kipindupindu hupenda majira haya, na malaria nayo huzidi. Chandarua kilichotoboka hushonwa kwa uzi wa kawaida.

Daftari za muhula uliopita zisifungiwe karanga. Mwalimu wa mwaka wa tisa atarejea masomo hayo kabla ya mtihani wa taifa, naye hatakubali kusikia kwamba ukurasa wa jiometria uliuzwa sokoni pamoja na karanga zake.