Mgeni wa gramu 10 katika miti ya uani

Wakazi wa Nairobi na miji mingine ya nyanda za juu ambao wana miti uani huenda wamegundua jambo moja. Kuanzia Oktoba, katika kundi la vijidege wanaopekua majani asubuhi, hutokea mmoja au wawili wasiofanana na wenzao. Wenyeji, wenye duara jeupe kuzunguka jicho, huishi hapa mwaka mzima. Mgeni ana mgongo wa kijani kilichofifia, kifua chenye umanjano na mstari mwembamba juu ya jicho. Ifikapo mwisho wa Aprili hutoweka, na wapo wanaodhani ameliwa na paka.

La hasha. Amerudi kwao. Ndege huyu, ambaye wanasayansi humwita Phylloscopus trochilus, huzaliana kuanzia Uingereza hadi mashariki ya mbali ya Urusi. Ana uzito wa takriban gramu 10, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulibaini kwamba wale wa Siberia husafiri takriban kilomita 13,000 kufika Afrika.

Kinachomfukuza kwao hasa ni njaa, kwani majira ya baridi yanapoingia wadudu humalizika. Akifika huku hujiunga na wenyeji, maana macho mengi humwona kipanga mapema. Hapa ndipo pia anapobadilisha manyoya yake yote, kazi anayoifanya mara mbili kwa mwaka, tofauti na ndege wengi. Kisha hula mfululizo ili kujiwekea mafuta ya safari.

Kwa hivyo, anayepulizia ua wake dawa ya wadudu mwezi wa Machi humnyima riziki wakati anapoihitaji zaidi. Kusini mwa Uingereza, ndege hawa wamepungua mno tangu miaka ya 1980.

Huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, wataalamu wamekuwa wakiwanasa wahamaji kwa nyavu tangu 1969, hasa usiku wenye ukungu wa Novemba na Desemba, ambapo taa za hoteli huwavuta. Kila mmoja huvishwa pete yenye namba mguuni, kisha huachiliwa. Anayemwokota ndege mwenye pete kama hiyo anafaa kunakili namba na kuijulisha idara ya ndege katika Makavazi ya Kitaifa, Nairobi.