Sura ya Saba: Meno Kisiginoni

Mtoto akikimbia uani, mbwa wa kuchunga humwandama kwa nyuma, kichwa chini, akijipinda mara huku mara kule, hadi apate nafasi ya kumbana kisigino kwa meno ya mbele. Kidonda huwa hakuna, au ni mkwaruzo tu na soksi iliyotoboka. Mtoto anapiga mayowe, baba anatoka na fimbo, na jirani anatangaza kwamba mbwa yule sasa amekuwa mkali. Jirani amekosea. Mbwa mkali anataka uondoke mbele yake. Huyu anataka urudi kwenye kundi.

Mbwa wote wamerithi kwa mababu zao hatua za uwindaji zinazofuatana: kukazia macho, kunyatia, kufukuza, kukamata, kuua. Raymond Coppinger, mwanabiolojia wa Marekani aliyetoa kitabu kuhusu mbwa mwaka 2001 pamoja na mkewe Lorna, alionyesha jinsi wafugaji walivyozikuza baadhi ya hatua hizo na kuzififisha nyingine, kila aina ya mbwa kwa kadiri ya kazi yake. Border Collie, aliyetokea mpakani mwa Uingereza na Uskoti, alikuzwa macho na mwendo wa kunyatia, meno yakawekwa nyuma. Old Hemp, dume aliyezaliwa Northumberland mwaka 1893 na ambaye Border Collie wengi wa leo ni vizazi vyake, alisifika kwa kuongoza kondoo kimyakimya, kwa kuwatazama tu. Hadi leo, mbwa akimng'ata kondoo ovyo kwenye mashindano huondolewa uwanjani.

Ng'ombe hababaishwi na macho. Ndiyo maana Corgi wa Wales na mbwa wa ng'ombe wa Australia, aliyeanzia New South Wales miaka ya 1840 kutokana na mbwa wa kuchunga na dingo, waliachiwa meno yao. Ukimtazama mbwa wa namna hii kazini utastaajabu. Haumi mguu wowote tu. Anasubiri ule uliokanyaga chini na kubeba uzito, kwa kuwa mguu huo hauwezi kurusha teke papo hapo. Akishauma anajibwaga tumbo chini, na teke likija linampita juu ya kichwa. Hayo hafundishwi mengi. Sehemu kubwa anazaliwa nayo.

Kwa wafugaji wengi wa Afrika Mashariki, Wamaasai wakiwemo, kazi ya mbwa ni kubweka fisi akisogelea boma, na ng'ombe huongozwa na kijana mwenye fimbo. Basi sisi tatizo hili tunalipata kupitia German Shepherd, yule anayefugwa nyuma ya mageti ya Nairobi, Arusha na Dar es Salaam kama mlinzi. Tunasahau kwamba Max von Stephanitz, alipoanza kuisimamia aina hiyo Ujerumani mwaka 1899, alianza na mbwa wa kondoo. Kazi yao ilikuwa kwenda na kurudi kando ya mashamba yasiyo na ua, kutwa nzima, ili kondoo wasikanyage mazao ya watu. Kondoo aliyevuka mpaka alibanwa kwa meno kisha akaachiwa. Mjukuu wa mbwa hao hana kondoo, ila ana watoto watano wanaokimbizana kati ya varanda na geti.

Fimbo haisaidii kwa sababu mbwa huyu analipwa na kazi yenyewe. Hahitaji nyama wala sifa. Kufukuza ndio ujira wake. Mtoto anaporuka na kupiga kelele, mbwa ameona kile alichokitaka, yaani kundi limesogea. Kipigo kinakuja baadaye, na anachokiunganisha nacho ni watoto. Hapo ndipo unapoweza kumpata mbwa mkali wa kweli, uliyemtengeneza mwenyewe. Kola za miiba na za umeme nazo naziweka kwenye kapu hilo hilo, hata kama muuzaji ataapa.

Kazi ya kwanza basi ni kuuzuia ule ujira. Mbwa avae kamba ndefu, mita tano au zaidi, na kamba ishikwe na mtu mzima. Kumfunga mtini akitazama watoto wanavyokimbia ni kumchochea tu. Watoto wafundishwe kusimama wima, mikono kifuani, kimya, pale mbwa anapowajia. Wadogo hawataweza, na hakuna sababu ya kuwalaumu. Kama hakuna mtu mzima, mbwa awe upande mwingine wa mlango.

Kisha apewe la kufanya. Anza na amri ya "Lala" mahali patulivu, mpaka aitii bila kufikiri. Halafu mpeleke mahali ambapo mtoto anatembea mbali, tuseme mita ishirini, na umtazame mbwa, si mtoto. Kabla hajachomoka, mdomo uliokuwa wazi ukihema unafumba. Masikio yanaelekea mbele, shingo inashuka, uzito unahamia miguu ya mbele. Una sekunde moja hivi. Sema "Lala" mara moja tu, na akitii, kipande cha ini lililochemshwa kiwe mdomoni mwake palepale. Ukisubiri hadi achomoke, unaongea na upepo. Mtoto atembee, kisha akimbie polepole, kisha akimbie kwa kasi. Kila anapoongeza mwendo, umbali nao uongezwe kabla ya kupunguzwa tena. Mbwa akishindwa mara mbili mfululizo, umemsogeza karibu mno. Rudi nyuma bila hasira.

Hamu yenyewe haitaisha, kwa hiyo itafutiwe njia. Mpira urushwe baada ya yeye kulala, na mchezo uishe kwa neno lile lile kila siku, "Basi", mpira ukafichwa. Wachungaji wa Uskoti nao wana neno lao la kumaliza kazi, na mbwa akilisikia huliacha kundi hata kama damu inachemka.

Mambo mawili yasichanganywe na haya. Mtoto wa mbwa anayeguguna vidole kabla ya miezi sita anabadilisha meno, na hilo ni somo la sura nyingine. Na mbwa anayeuma akiwa amefyata mkia, au aliyebadilika tabia ghafla, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Ngozi ikichubuka, hata kidogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu aende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza, na mbwa wako kuwa na cheti cha chanjo hakukuondolei safari hiyo.

Bodaboda ziwe za mwisho. Zina mwendo, mlio na miguu inayoning'inia karibu na ardhi, na mbwa aliyewazoea watoto kabisa anaweza kuzishindwa kwa miezi. Mpaka aziweze, barabarani asiende bila kamba.