Utando wa Kahawia Si Mafuta ya Meli

Kaskazi ikikaribia kwisha, bahari ikalala shwari na jua likachoma, simu huanza kuingia. Swali ni lile lile: "Dokta, meli gani imetumwagia mafuta?" Picha zinazoambatana nalo nazijua kabla sijazifungua: mistari mirefu ya kahawia juu ya maji, na ufukweni ukoko unaonuka vundo. Safari hii imekuja na video ya kijana akimwaga sabuni ya maji juu ya utando huo, wenzake wakimshangilia. Uchafu pekee niliouona kwenye video hiyo ni sabuni.

Mafuta hayana nyuzi. Chota maji hayo kwa glasi, yaache yatulie, kisha yatazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Utaona vishada vya nyuzi laini, vingi vya milimita chache tu, vikipanda juu taratibu. Visugue kwa vidole: havinati, na vinatoka kwa maji matupu. Mafuta ya meli hung'ang'ania ngozi, huacha weusi, na yakitandaa humeta rangi za upinde wa mvua. Ukiiacha glasi hadi kesho yake, maji yanaweza kugeuka ya waridi, kwa kuwa seli zikipasuka rangi iliyokuwa ndani humwagika. Mafuta ya injini hayafanyi hivyo hata siku moja.

Nyuzi hizo ni za trikodesmiamu, bakteria anayejitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama ufanyavyo mmea. Mwaka 1770 mabaharia wa James Cook walimkuta kwenye bahari ya Australia, wakamwita vumbi la mbao la baharini. Mwaka 1823 Christian Ehrenberg, mtaalamu wa Kijerumani, aliyaona maji ya ghuba ya Tor, Bahari ya Shamu, yamekuwa mekundu kwa ajili yake. Mnieleze ni meli gani ya mafuta ilikuwa ikipita huko miaka hiyo.

Wakikubali kuwa si mafuta, wengi hukimbilia maji taka ya hoteli. Hapa ndipo ninapochoka zaidi, kwa sababu ukweli uko kinyume kabisa. Wakati wa kaskazi, mkondo wa pwani yetu unaoelekea kaskazini hupungua kasi kwa kupingwa na upepo. Maji ya juu hupata joto, kufikia nyuzi 29 au 30, yakawa mepesi na kukaa juu ya maji baridi bila kuchanganyika nayo. Rutuba inabaki chini gizani, huku juu nitrati ikikaribia kwisha. Vijimea vinavyoitegemea, diatomu hasa, hupungua. Trikodesmiamu yeye hashughuliki: huchukua naitrojeni ya hewa iliyoyeyuka majini na kuigeuza chakula. Anastawi mahali penye njaa ya naitrojeni, na maji taka yamejaa naitrojeni. Mwilini ana vifuko vidogo vya hewa vinavyomwelesha, hivyo upepo ukikatika anapanda juu na mkondo unamkusanya mistari mistari. Kusi ikianza kuvuma, mkondo unaweza kufikia noti 4, bahari inavurugika, joto linashuka hadi karibu nyuzi 25, na diatomu wanarudi kwa wingi. Maji taka nayalaani kama mwingine yeyote, maana yanaotesha majani ya kijani juu ya matumbawe, lakini kosa hili si lao.

Sabuni je? Utando unaweza kutanda kilomita nyingi. Ndoo yako haitaufikia. Pale inapofika, huharibu mashavu ya samaki na kuua seli kwa mkupuo. Seli hizo zikioza pamoja kwenye ghuba iliyojifunga humaliza oksijeni, na samaki wanakufa.

La kufanya ni dogo. Utando ukiwa mzito, usiogelee humo, ngozi itakuwasha. Ukiguswa, jisuuze kwa maji ya bomba. Usile kome wala chaza wa siku ambazo maji yamebadilika rangi, kwani vipo vijimea vingine vyenye sumu, na sumu yao haiondoki kwa kuchemsha wala kwa ndimu. Wenye hoteli, zoeni ukoko kwa reki kabla haujaoza. Ukiona kitu kinanata na kumeta, hiyo ni kesi nyingine: piga picha, andika mahali na saa, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa wasimamizi wa usafiri wa baharini: TASAC Tanzania Bara, ZMA Zanzibar au KMA Kenya. Ukiwa na shaka, jaza chupa safi, iweke kivulini, iwahishe Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar au taasisi ya utafiti wa bahari ya KMFRI, Mombasa. Darubini itajibu kwa muda mfupi. Vinginevyo uacheni utando. Upepo ukirudi utautawanya. Na sabuni msimwage baharini.