Je, Wajua? Shangingi Likizeeka

Bei ya kununua gari la kifahari hushuka kila mwaka, lakini gharama ya kulitunza haishuki. Ndiyo maana mkulima wa Kabungu, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, anaweza leo kumiliki Toyota Land Cruiser VX au Mercedes ambayo zamani ilikuwa ya mawaziri na mabalozi, na ndiyo maana magari hayo hayo huishia juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kinachotenganisha gari linalotembea na lililokufa mara nyingi ni maarifa. Haya hapa ni baadhi yake, kwa wale wanaoyapenda magari haya kwa dhati.

Je, wajua kwamba Mercedes za wakubwa ziliwahi kutawala barabara zetu za vumbi?

Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1959 na 1960 Bill Fritschy na Jack Ellis walishinda kwa Mercedes-Benz 219, gari la familia zenye uwezo, lenye injini ya silinda sita. Mwaka 1961 John Manussis akashinda kwa Mercedes 220SE. Hata mwaka 1979, Hannu Mikkola alishika nafasi ya pili kwa Mercedes 450SLC yenye injini ya V8 ya lita tano, nyuma ya Shekhar Mehta aliyekuwa na Datsun 160J. Kwa hiyo anayesema magari haya hayawezi barabara za Afrika hajui historia. Yanaweza, ila wale madereva walikuwa na mafundi waliokagua kila nati kabla ya safari.

Je, wajua kwamba Rolls-Royce ya Ikulu ipo Dar es Salaam?

Makumbusho ya Taifa yamehifadhi Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza na baadaye na Mwalimu Julius Nyerere. Mpenzi wa magari ya zamani akifika Dar kutafuta spea, atenge saa moja apite pale.

Je, wajua kwamba kuna gari ambalo vioo na viti vyake vilisukumwa na mafuta?

Ni Mercedes-Benz 600, iliyotengenezwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi 1981. Zilitoka 2,677 tu, na Jomo Kenyatta, Idi Amin na Mobutu ni miongoni mwa viongozi walioendeshwa ndani yake. Badala ya mota za umeme, vioo, viti na hata mfuniko wa buti vilisukumwa na mafuta yenye shinikizo kubwa yaliyopita kwenye mabomba membamba. Vilikwenda kimyakimya kabisa. Lakini bomba moja likivuja, fundi hufungua milango na viti kulisaka. Huo ndio ugonjwa wa magari yote ya kifahari: kila starehe inayoongezwa ni kifaa kingine kitakachozeeka.

Je, wajua kwamba mwana wa Katavi aliwahi kuyapinga mashangingi?

Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015 na mbunge kutoka huku huku Katavi, alisema hadharani kwamba serikali ipunguze kununua magari makubwa ya bei mbaya. Hoja yake ilikuwa mafuta na matengenezo, na hoja hiyo haifi gari linapopigwa mnada na kuingia mikononi mwa raia. Tofauti ni kwamba raia hana bajeti ya wizara. Anayenunua VX mnadani na aweke pembeni fedha nyingine ya kulifufua kabla ya kulipanda.

Je, wajua kwamba kodi inaufahamu umri wa gari lako?

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikufunga mlango, ila gari dogo la abiria lenye zaidi ya miaka 10 hutozwa ushuru wa nyongeza wa asilimia 30 kwa sababu ya uzee peke yake. Ndiyo maana wapenzi wengi hutafuta gari ambalo tayari lipo nchini, wakiulizana kama usajili wake ni wa namba A au namba B. Upo pia unafuu: ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Gari linalosubiri spea miezi mitatu halidai tena ada hiyo.

Je, wajua kwamba jina la injini limo kwenye namba ya chesisi?

Fungua boneti ya Land Cruiser usome kibati. HZJ80 ina injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo. HDJ81 ina dizeli ya lita hizo hizo, lakini ina tabo. FZJ80 ni ya petroli, lita 4.5. UZJ100 ni V8 ya petroli, lita 4.7. Ukimpigia muuza spea wa Kariakoo ukamwambia "nataka gasketi ya VX", atakutumia ya gari lolote. Mtumie picha ya kibati. Kutoka Dar hadi Mpanda, huku Katavi, ni mbali, na mzigo uliokosewa hurudi kwa nauli yako.

Je, wajua taa ya T-BELT inakuambia nini?

Kwenye deshibodi ya 1HZ kuna taa yenye maandishi hayo. Kwa kawaida huwaka gari likitimiza kilomita 100,000, kukukumbusha kubadili mkanda wa taimingi. Mkanda huo ukikatika injini ikiwa inaunguruma, pistoni hugonga valvu, na kifaa cha bei ndogo huzaa hasara ya kufungua injini nzima. Usiitegemee taa hiyo kwenye gari la mtumba, kwa kuwa inafuata mita ya kilomita, na mita ni rahisi kurudishwa nyuma. Ukinunua gari, badilisha mkanda kwanza, kisha andika tarehe na kilomita kwa kalamu isiyofutika kwenye kava lake.

Je, wajua kwamba Katavi maji huchemka mapema?

Mpanda na vijiji vyake viko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Hapo maji ya wazi huchemka yakifika nyuzi joto 96 au 97. Kinachoiokoa injini ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima wa bar 0.9 hubana shinikizo hadi maji yavuke nyuzi 115 bila kuchemka. Raba yake ikikauka na kupasuka, shinikizo hutoka, na gari linachemsha kwenye kilima ambacho jana lilikipanda vizuri. Watu hulaumu rejeta, wakazibua, wakachomelea, kumbe mgonjwa ni mfuniko.

Kosa lingine ni kung'oa themostati. Gari likichemsha, gereji nyingi huitoa na kuitupa. Lakini themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi hufunga njia ya rejeta, na ikifika karibu nyuzi 82 hadi 88 nta iliyo ndani yake huyeyuka na kuusukuma mlango wazi. Katika injini nyingi, inapofunguka hufunga pia kijia cha pembeni kinachorudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa, kijia hicho kinabaki wazi, na sehemu ya maji haipiti tena kwenye rejeta. Asubuhi injini inakimbia ikiwa baridi na kunywa mafuta, na kwenye mzigo mzito bado inaweza kuchemsha. Ijaribu nyumbani: itumbukize themostati kwenye sufuria ya maji jikoni, uchochee moto, utazame. Isipofunguka, nunua nyingine. Na kwenye rejeta tia kulanti, si maji ya kisima, kwa sababu chumvi yake huganda ndani ya mirija na kula hedi za aluminiamu.

Je, wajua kwamba nyaya za Mercedes zilitengenezwa ziweze kuoza?

Mercedes nyingi za nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, pamoja na S-Class ya W140, zilifungwa nyaya za injini zenye ganda lililokusudiwa kuoza ili lisichafue mazingira. Joto la injini lililiozesha mapema. Leo ukilikunja kwa vidole linamomonyoka, shaba inabaki uchi, na gari linakosa nguvu bila sababu inayoonekana. Kabla ya kubadilisha kompyuta ya gari, kagua nyaya. Ni dakika tano za kazi.

Magari yaliyofuata yakaja na mtihani mwingine: S-Class ya 1998 husimama juu ya mifuko ya hewa, na baadhi ya Land Cruiser 100 juu ya mafuta na gesi. Mfuko wenye tundu dogo huifanya kompresa ifanye kazi bila kupumzika hadi iungue. Ukiona gari limelala upande mmoja asubuhi, liwahi siku hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba mafuta ya breki hunywa maji?

Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205. Yakishafyonza unyevu wa hewa hushuka hadi karibu 140. Kwenye VX yenye zaidi ya tani mbili inayoteremka kutoka Mpanda kwenda Karema, kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, mafuta yaliyochemka hugeuka mvuke na pedali huzama hadi chini. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halikwenda popote.

Je, wajua kwamba tairi lina cheti cha kuzaliwa?

Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la gari zito likipita miaka sita lichunguzwe kila mwaka, na likifika kumi liondolewe hata kama kashata zake ni nzima, maana raba huzeeka kwa jua na kwa muda.

Je, wajua kwamba Nairobi hutunuku utunzaji?

Tangu mwaka 1970 klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo nchini Kenya huandaa Concours d'Elegance, mashindano ambayo siku hizi hufanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Majaji hufungua boneti na kukagua hadi uvunguni, wakitafuta usafi na uzima wa gari. Kigezo hicho kinatufaa na sisi. Katavi inao mafundi wanaoweza kuishusha injini chini ya mwembe na kuirudisha. Kinachokosekana mara nyingi ni kumbukumbu. Nunua daftari la shule, uliweke kwenye droo ya gari, na uandike kila oili, kila mkanda na kila spea, pamoja na tarehe na kilomita. Fundi atakayelishika gari hilo miaka mitano ijayo ataanzia pale mwenzake alipoishia, na wewe hutalipia kazi ile ile mara mbili.